Jibu Lisilouza Kitu: Faida na Makundi ya Mtandaoni ya Wakulima wa Meru na Embu

Utangulizi

Mada hii inachunguza namna pesa inavyoamua nani asikike na nini kisemwe katika makundi ya mtandaoni wanayoyategemea wakulima wa Meru na Embu. Hoja yake ni kwamba pale faida inaposhika usukani bila kanuni, ushauri usiomwingizia mtu yeyote pesa ndio wa kwanza kuzama, hata kama ndio unaomfaa mkulima zaidi.

Thamani ya neno la mkulima

Miraa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Mkulima wa Igembe, sawa na mwenzake wa muguka, aina ya miraa, huko Mbeere, hana muda wa kubahatisha. Bei ya leo lazima aijue leo. Ujumbe mmoja wa WhatsApp wenye bei ya soko ni pesa taslimu, ingawa aliyeuandika halipwi chochote. Kundi likisimamiwa na dalali peke yake, anaweza kuufuta ujumbe huo na kununua kwa bei ya chini.

Kwenye kahawa, mfano mzuri ni Wefarm. Mradi huo ulizaliwa ndani ya shirika la hisani la Uingereza, ukawa kampuni mwaka 2015, na uliwawezesha wakulima wa Kenya kuulizana na kujibizana kwa SMS bila malipo na bila intaneti. Majibu yalitoka kwa wakulima wenyewe. Baadaye wawekezaji walitia mamilioni ya dola, na kampuni ikaanzisha soko la pembejeo.

Kuuza mbolea si kosa. Lakini tuseme mkulima wa Runyenjes anauliza kuhusu unga wa rangi ya chungwa chini ya majani ya kahawa yake. Jirani mzoefu ataitambua kutu ya majani na kumshauri apogoe kwanza ili hewa ipite. Muuzaji wa dawa ataona mteja aliyejileta. Ushauri wa kupogoa hauna mfadhili, hivyo hauna wa kuusukuma mbele.

Mizani ya watazamaji

Nje ya makundi, kwenye majukwaa ya wazi, pesa hufuata watazamaji. Ili apate mgao wa matangazo ya YouTube, mwenye chaneli ya video za kawaida huhitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwaka 2024 Meta nayo iliwafungulia Wakenya njia ya kuchuma kupitia Facebook na Instagram. Serikali imeitambua kazi hii ya kutengeneza maudhui: Sheria ya Fedha ya 2023 iliiwekea kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi.

Ni riziki halali kwa vijana wa Nkubu au Siakago. Tatizo ni mizani yenyewe, kwa kuwa hupima macho na haipimi ukweli. Mwezi Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Upande mmoja kulikuwa na karo za watoto wa Mbeere, upande mwingine hofu ya wazazi wa Pwani kuhusu afya ya vijana wao. Mjadala huo ulihitaji utulivu, ilhali mizani ya watazamaji humlipa anayetukana kabila kama inavyomlipa anayesoma uamuzi wa mahakama.

Wengine hulipwa moja kwa moja. Utafiti wa Mozilla wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa Wakenya walikuwa wakipokea dola 10 hadi 15 ili wasukume hashtagi kwenye Twitter, zikiwemo za kuwashambulia majaji na wanaharakati.

Mapendekezo

Kwanza, kila anayelipwa kusifia dawa, mbegu au mwanasiasa atamke hivyo ndani ya ujumbe wenyewe.

Pili, kundi la bei lisimamiwe na watu kadhaa, wakiwemo wakulima wasio madalali.

Tatu, dawa isiyo na namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu (PCPB) isitangazwe kundini.

Nne, vyama vya ushirika, pamoja na Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, vihifadhi majibu yaliyothibitishwa mahali pa wazi, ili maarifa yabaki hata kampuni ikibadili mkondo.

Washiriki wanaombwa waanze na makundi wanayoyasimamia wenyewe: waandike kanuni ya kutangaza malipo na waibandike kundini kabla ya wiki hii kwisha.