Kiingereza cha Sekondari Kisaidie Maisha

(Mazungumzo ya mwalimu wa sekondari mbele ya wazazi na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya somo ambalo wengi wetu huliona ni la watoto tu. Somo hilo ni Kiingereza cha sekondari.

Hali mnaijua. Katika shule nyingi za serikali hapa Tanzania, mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kiingereza kikimshinda, hata hesabu na baiolojia zinampita.

Sasa, somo hili lifundishwe vipi? Wako wanafunzi wanaosoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri. Waulize, "Habari hii inasema nini?" Kimya! Hao hawajasoma, wametamka tu.

Ninyi mnaijua njia iliyo bora. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ile, kisomo chenye manufaa kule Mwanza kilitumia vitabu vya pamba, migomba na uvuvi. Mtu alijifunza herufi, na papo hapo akajifunza kazi yake. Kiingereza nacho kifundishwe hivyo.

Kwanza, kusoma. Mwalimu alete darasani mfuko mtupu wa mbolea ya DAP. Juu yake kuna namba 18-46-0. Wanafunzi wasome maandishi kimya, kisha waeleze. Namba 18 ni naitrojeni, 46 ni fosfeti, na 0 maana yake haina potashi. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Wakikuta neno gumu, kwanza wakisie maana yake kwa kutazama maneno ya jirani. Kamusi ije baadaye.

Pili, kuandika. Mwanafunzi ajue kuandika barua ya kuomba kazi. Anwani yake na tarehe viwe juu kulia. Anwani ya anayeandikiwa iwe kushoto. Kisha salamu, kichwa cha barua, na habari yenyewe: anaomba kazi gani, amesoma wapi, anaweza kufanya nini. Mwisho aweke sahihi na jina. Barua ya kwanza aisome mwenzake na kuonyesha makosa. Ndipo aandike ya pili, safi. Barua moja iliyosahihishwa hivi ina faida kuliko kunakili kumi za ubaoni.

Tatu, fomu na mikataba. Mwanafunzi azoee kusoma fomu yote kabla ya kugusa kalamu. Karatasi ya mkopo ikiwa kwa Kiingereza, atafute mambo manne: kiasi cha fedha, riba, siku ya mwisho ya kulipa, na mali iliyowekwa dhamana. Ndugu zangu, hapo ndipo shamba huweza kupotea! Aliyetia sahihi bila kuelewa hudaiwa sawa na aliyeelewa.

Mzazi atauliza, "Mimi Kiingereza sikijui, nitasaidiaje?" Utasaidia sana. Mtoto akirudi, usiulize alama tu. Mpe karatasi ya dawa au ya mbegu, umwambie, "Isome, halafu nieleze kwa Kiswahili." Mwulize: dawa ni ya nani? Mara ngapi kwa siku? Kwa siku ngapi? Kama amesoma kweli, atakujibu waziwazi. Akibabaika, usimcheke wala usimpige. Mwambie arudie polepole, au akamwulize mwalimu wake. Dawa yenyewe msiitumie kwa kubahatisha. Mwulizeni mganga wa zahanati.

Hivyo mzazi anakuwa mwalimu wa pili, na mtoto anapata sababu ya kujifunza.

Mkutano wa wazazi ukifika, simameni mwulize: watoto wetu wameandika barua ngapi muhula huu? Ni haki yenu kuuliza.

Elimu haina mwisho.