Tulitunze Jokofu la Nyumbani

Leo sitazungumza juu ya mbolea wala mbegu. Nataka tuingie ndani ya nyumba, mpaka pale lilipo jokofu, au friji kama wengi wetu tunavyoiita. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa siku hizi anaweza kununua jokofu. Akinunua amefanya vyema. Lakini nikipita majumbani huonyeshwa maziwa yaliyochacha, na mwenye nyumba huniambia, "Bwana shamba, friji hii mbovu." Mara nyingi si mbovu. Haijatunzwa.

Kwanza tuelewane jambo moja. Jokofu halizalishi baridi kama mashine inavyotoa unga. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo ndani na kulitupa nje, kupitia ule wavu mweusi wa nyuma, au ubavuni kwa yale yasiyo na wavu. Ndiyo maana ukipagusa hapo unasikia joto. Basi, chochote kinachozuia joto lisitoke, au kinacholeta joto jipya ndani, hicho ndicho kinachochachusha maziwa yako.

Na mara nyingi kinacholeta joto ni maziwa yenyewe! Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la nyuzi 38 hivi. Mtu anakamua jioni, anachukua ndoo ya lita 10, anaisukuma ndani ya jokofu nzima nzima na kufunga mlango, akingoja kuyapeleka kituoni asubuhi. Ndugu yangu, jokofu la nyumbani si tangi la kupozea maziwa. Ndoo kubwa hupoa polepole sana. Katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu vinazaana. Tena joto lake hupasha mboga, nyama na vyote vilivyomo. Fanya hivi: chuja maziwa, yatie katika vyombo vidogo vya chuma kisichoshika kutu, lita mbili mbili. Vitie vyombo hivyo kwenye beseni la maji baridi yanayofika karibu na shingo. Koroga mara kwa mara kwa mwiko safi, na ubadili maji ya beseni yakipata joto. Maziwa yakishapoa ndipo uyafunike na kuyaingiza. Ndani ya jokofu panatakiwa pawe na nyuzi 4 hivi. Nunua kipimajoto kidogo ukiweke humo, kidole hakipimi.

Halafu kuna barafu. Wengine wakiona barafu imejijenga nene kule juu hufurahi, wakisema friji yao inagandisha kweli kweli. Kumbe barafu hiyo ni kama blanketi. Inalizuia joto lisifike kwenye mabomba, na mashine inanguruma mchana kutwa ikila umeme bure. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, iyeyushe. Chomoa waya ukutani, toa vyakula uvifunge pamoja ndani ya blanketi, acha mlango wazi, weka ndani bakuli la maji ya moto, utandike matambara chini. Kisha ngoja.

Usichukue kisu wala bisibisi! Katika kata ninayofanyia kazi, mama mmoja alichokonoa barafu kwa kisu ili amalize upesi. Bomba likatoboka, gesi ikatoka yote, na gharama aliyotajiwa na fundi ilikaribia bei ya jokofu jingine. Wala usisogeze jiko la mkaa kuharakisha kazi. Majokofu mengi ya siku hizi hutumia gesi iitwayo R600a, nayo hushika moto. Tazama kibandiko cha nyuma utaona imeandikwa.

Likiwa bado limezimwa, lisafishe. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo yatosha. Kama pananuka, pangusa kwa maji yenye siki kidogo, ukaushe. Fungua mikunjo ya mpira wa mlango uitoe uchafu. Kuna tundu dogo la kutolea maji ukutani kwa ndani. Likiziba, maji hutuama chini ya droo za mboga. Lizibue taratibu kwa kijiti kisicho na ncha kali. Nyuma nako ondoa vumbi kwa brashi, na jokofu lisibanwe na ukuta wala kukaa karibu na mafiga.

Kisha bana karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea na joto linaingia usiku kucha. Mwite fundi aubadili.

Ukiwa na chanjo ya mdondo ya kuku, ile ya matone ya macho, iweke katika kopo lenye kifuniko, kwenye rafu ya katikati. Isikae mlangoni, maana kila mtoto anayefungua kutafuta maji huipasha joto. Wala isigusane na barafu. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiharibika huwezi kuona kwa macho. Utachanja, utaridhika, na mdondo ukija kuku watakufa.

Dawa za kuua wadudu shambani usizitie humo kabisa, hata kwa usiku mmoja, na hasa zile watu wanazomimina katika chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi kibandiko.

Umeme ukikatika, usifungue fungue mlango. Jokofu lililofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa yaweza kufika saa 48, iliyo nusu 24. Chomoa waya, na umeme ukirudi ngoja kama dakika 10 kabla ya kuchomeka, maana mara nyingi hurudi kwa kupanda na kushuka. Kile kifaa kinachoitwa friji gadi hufanya kazi hiyo chenyewe, nami nakishauri kwa kila mwenye jokofu kijijini.

Kwaheri, ndugu mkulima, mpaka kipindi kijacho tutakapozungumza juu ya kuosha vyombo vya kukamulia.