Madigadi na Penseli

Maneno mliyoyasikia katika redio yameandikwa hapa ili myasome wenyewe, polepole, kila mtu na penseli yake mkononi. Leo penseli hiyo haitaandika tu. Itapima.

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tunalijua tope letu. Masika yakifika, tangu Machi hata Mei, njia za Ilboru, Akheri na Poli hugeuka kuwa kama uji. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Huotesha ndizi na kahawa vizuri, lakini hunata. Mtu akienda soko la Tengeru kwa baiskeli isiyo na madigadi, hufika na mstari wa tope mgongoni, na mboga zake zimechafuka.

Baiskeli kubwa za mizigo huja na madigadi zake, na nafasi yake ni pana. Lakini siku hizi wengine hununua baiskeli za mitumba zilizotengenezwa kwa mwendo wa kasi. Tairi zake ni nyembamba, na breki zake hukaa karibu sana na tairi. Mwenyewe hununua madigadi, akazilazimisha ziingie. Hapo ndipo penye hatari.

Nitawaambia yaliyonipata. Nilifunga madigadi ya mbele kwa mikono yangu. Nilizungusha gurudumu, nikaona haligusi, nikaridhika. Siku ya mvua nilikuwa nikishuka mteremko. Kokoto moja iliyoshikwa na tope ikaingia kati ya tairi na madigadi. Madigadi ikajikunja, gurudumu likasimama ghafula, mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani, nikavunjika mfupa wa bega. Stashahada yangu ya chuo kikuu haikunisaidia kitu. Baadaye fundi mmoja mzee aliitazama ile baiskeli akaniuliza, "Mwalimu, tope ulitaka lipite wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi jibu ni hili.

Kwanza, soma ubavu wa tairi. Utaona namba kama 700 x 28. Hiyo 28 ni upana wa tairi kwa milimita. Madigadi yako iwe pana kuliko tairi, tuseme milimita 35 au zaidi kidogo.

Pili, pima nafasi iliyo juu ya tairi, mahali pembamba kuliko pote: chini ya breki, na chini ya kichwa cha uma wa mbele, yaani kile chuma cha miguu miwili kinachoshika gurudumu. Penseli ya shule ina unene wa milimita 7 hivi. Madigadi ikisha kufungwa, penseli ipite kati yake na tairi bila kukwama.

Tatu, fanya hesabu. Nafasi ni milimita 6. Madigadi ina unene wa milimita 2. Inabaki 4. Haitoshi. Ukibadili tairi ya 28 ukatia ya 25, tairi itashuka kwa milimita 3 hivi. Sasa 6 na 3 ni 9. Toa 2, inabaki 7. Penseli itapita.

Nne, kama bado haitoshi, usilazimishe. Kata madigadi vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Kipande kimoja kikae mbele ya uma, kingine nyuma yake, na pale pembamba paachwe wazi. Lainisha ncha kwa tupa. Vifunge vipande kwa vyuma vyake, visicheze. Kama uma hauna matundu ya skrubu, tumia vibanio vilivyovishwa mpira. Usiutoboe uma kamwe, kwani utavunjika siku usiyoitazamia.

Asiye na fedha ya madigadi aweza kukata dumu la plastiki, akalifunga nyuma, chini ya kiti, mbali na tairi. Halipendezi, lakini mgongo utabaki safi.

Mwisho, zungusha gurudumu, kaza nati zote, kisha zungusha tena. Ukiwa njiani, simama mara kwa mara utoe tope kwa kijiti. Tope likiwa zito mno, shuka usukume. Si aibu. Aliyechelewa sokoni atauza kesho. Aliyevunjika bega hauzi mwezi mzima.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Tairi yako, au ya jirani yako, imeandikwa namba gani?
2. Nafasi ni milimita 9, madigadi ina unene wa 3. Inabaki ngapi? Je, penseli itapita?
3. Kwa nini haifai kuutoboa uma?

Kwaherini, na mwende salama.