Kiota cha Tai na Wana Wawili wa Adamu

Darsa ya Ramadhani baada ya Swala ya Alasiri, Johannesburg



Namhimidi Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na namsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Waheshimiwa wazee wetu, ndugu zangu na dada zangu katika imani, leo nimekuja na maneno ya ndege. Baadhi yenu mmepata kufika katika bustani ya mimea ya Walter Sisulu, upande wa Roodepoort, yalipo maporomoko ya Witpoortjie yenye kimo cha mita 70 hivi. Katika jabali la pale kuna kiota cha tai weusi. Watu wanaojitolea kuwalinda tai hao wameweka kamera, na yeyote mwenye intaneti hukitazama kiota akiwa nyumbani kwake. Mwezi kama huu wa Machi, joto linapoanza kupungua, tai dume na jike hukusanya vijiti na majani mabichi wakakitengeneza upya kiota cha zamani.

Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyenifundisha kuwatazama. Nilidhani ni mchezo wa watoto, kumbe ni darsa. Allah anatuamrisha katika Suratul Mulk tuwaangalie ndege walio juu yetu, wakikunjua mbawa na kuzikunja, na hapana anayewashikilia ila Yeye Mwingi wa Rehema. Na katika Suratul An'am anatujulisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Basi mwenye kumtazama ndege kwa mazingatio hajapoteza wakati wake.

Tai hawa hutaga mayai mawili, la pili likifuata siku chache baada ya la kwanza. Huyaatamia kwa siku 45 hivi, mume na mke wakipokezana zamu. Dume huwinda, na windo lao kubwa ni pimbi wa majabalini. Hadi hapo, ndugu zangu, ni habari ya kupendeza: nyumba, mume, mke, na riziki ya halali yao.

Lakini wiki iliyopita mjukuu wangu alinifungulia picha zilizorekodiwa za vifaranga wa tai kama hawa. Mkubwa alikuwa ametangulia kuanguliwa siku chache. Mdogo alipotoka katika yai, mkubwa akaanza kumdona kichwani na mgongoni, akapumzika, akaanza tena. Mama yao alisimama pale pale, na nyama ya pimbi imelala kiotani. Hakumzuia. Mtoto akanigeukia, akauliza: "Babu, mbona mama yake hasemi kitu?"

Nilikaa kimya. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili si la kiota kimoja. Mtafiti Valerie Gargett, aliyewachunguza tai weusi kwa miaka mingi katika vilima vya Matobo, Zimbabwe, alihesabu zaidi ya madono 1,500 aliyopigwa kifaranga mmoja katika siku tatu alizoishi duniani. Na chakula kilikuwapo tele. Wataalamu wanasema yai la pili ni akiba: la kwanza likiharibika, la pili hushika nafasi. La kwanza likisalimika, basi kwa kawaida mdogo haishi.

Nikamjibu mjukuu wangu hivi: Tai hakuandikiwa hesabu. Hana kalamu inayomwandikia dhambi, wala hataulizwa kwa nini hakutumia akili. Anakwenda kwa maumbile aliyopewa na Mola wake, na hekima yake anaijua aliyemuumba. Anayeulizwa ni mwanadamu.

Ndipo ikanijia Suratul Maida, kisa cha wana wawili wa Adamu, tunaowajua kwa majina ya Kabili na Habili. Walitoa sadaka, ya mmoja ikakubaliwa, ya mwenziwe ikakataliwa. Husuda ikamwingia, akamuua ndugu yake. Kilichopungua pale hakikuwa chakula wala ardhi, kwani dunia nzima ilikuwa yao. Kisha Allah akamletea kunguru afukue udongo kumwonyesha namna ya kumsitiri maiti wa ndugu yake. Mwanadamu aliyeshindwa na nafsi yake alifundishwa adabu na ndege, akajuta.

Mji wetu huu unaijua dhana ya kwamba mwenzangu ananipunguzia riziki. Mei 2008 fujo zilianza Alexandra, na watu zaidi ya 60 wakauawa nchini. Baadhi yenu mlikuwapo, mkalala nje ya nyumba zenu. Naye Mtume (S.A.W.) ametufundisha tumtegemee Allah kama ndege, atokaye asubuhi na njaa na kurudi jioni ameshiba. Ndege yule hajui kesho, na bado anatoka.

Sasa, wazee wangu, nina la kukiri. Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja tulikhitilafiana juu ya nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu kule Tanga. Huu ni mwaka wa tatu. Nikikaa hapa nawahimiza kuunga udugu, nikishuka sina salamu kwa ndugu yangu. Nanyi mnajua kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Siku tatu! Ndizo alizoishi kifaranga yule. Na kila siku niliyonyamaza mimi ilikuwa ni dono moja.

Usiku ule baada ya tarawehe nilimpigia simu. Hakupokea. Nikapiga tena wakati wa daku. Akapokea, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kaka, umeshakula daku?" Nyumba bado hatujaigawa, na mirathi itakwenda kwa sheria yake. Lakini tumesemezana.

Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa hiyo, aliye na ndugu Kigoma, Mombasa, Bukavu au nyumba ya pili hapo Mayfair ambaye hasemi naye, asingoje mwezi wa Idi uandame. Na wewe mama, na wewe baba, unayewaona wanao wakidonana, usisimame kando kama tai. Wewe umepewa ulimi na akili.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na husuda, utupatanishe na ndugu zetu, na uzikubali saumu zetu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.