Jua la Hija

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akihutubia akamwona mtu amesimama. Alipouliza habari zake akaambiwa kwamba yule ni Abu Israil, ameweka nadhiri asimame juani wala asikae, asijitie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru aambiwe aseme, ajitie kivulini, akae, na aitimize saumu yake. Zingatieni hukumu hiyo: saumu ilibakishwa kwa kuwa ni ibada, na jua likaondolewa kwa kuwa si ibada.

Nimelitanguliza jambo hili kwa ajili ya ndugu zetu wanaojitayarisha kwenda Hija. Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mwenye kushinda juani ndiye mwenye Hija bora, na anayepumzika hemani ni mvivu. Katika Hija ya mwaka 2024, iliyoangukia mwezi wa Juni, joto lilifika nyuzi 51.8 za Selsiasi katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki. Zaidi ya wanne katika kila watano wao hawakuwa na vibali, wakatembea masafa marefu juani bila ya hema wala pa kupumzikia. Basi anayekushawishi uende Hija kwa viza ya matembezi, kwa kuwa ni rahisi, anakuuzia safari isiyo na kivuli.

Sisi watu wa pwani hujidanganya kwamba joto tumelizoea. Joto letu la kaskazi lina unyevu. Jasho hututiririka tukaliona, tukatafuta maji. Kule hewa ni kavu, jasho hukauka mara litokapo, na mtu hudhani kwamba mwili wake haupotezi kitu. Naanywe maji kabla ya kuona kiu. Mwenye maradhi ya moyo, figo, sukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya safari.

Mwanamume aliyehirimia hakatazwi mwavuli. Alichokatazwa ni kukifunika kichwa kwa kofia, kilemba na mfano wa hivyo. Bibi Ummul-Husayn, katika mapokezi ya Muslim, asema kwamba katika Hija ya Kuaga aliwaona Usama na Bilal, mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume, na mwengine ameinua nguo yake kumtilia Mtume kivuli, mpaka akapiga mawe Jamratul-Aqaba. Na katika siku za Tashrik, mwenye kuogopa jua la baada ya adhuhuri wanavyuoni wamemruhusu kuchelewesha kupiga mawe mpaka jioni au usiku, na asiyeweza kabisa aweke wakili.

Tena, ndugu zangu, tazamaneni. Ukimwona mwenzio anapepesuka, maneno yake hayaeleweki, na mwili wake unawaka moto, usiseme kwamba ni uchovu utapita. Hiyo ni hatari ya kufa, na dakika zina hesabu. Waite watu wa tiba upesi. Mtie kivulini, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwilini, mpepee, na umwekee barafu shingoni na makwapani. Akiwa amepoteza fahamu usimtie maji kinywani, hata yakiwa ya Zamzam, humpalia. Na usimwache mzee nyuma peke yake kwa kuikimbilia fadhila ya kufika kwanza.

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi, awarehemu waliofariki katika njia hiyo, na awarudishe mahujaji wetu majumbani kwao salama. Amin.