Kipande Kidogo cha Uvimbe, Faida kwa Wengi

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la afya)



Mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, daktari alinitoa kipande cha uvimbe kooni, kisha nikaombwa nitie sahihi kitumike katika utafiti. Wanakitaka cha nini?" Swali lake ni la haki, na leo nitalijibu.

Ndani ya seli za mwili mna DNA, maagizo yaliyoandikwa kwa herufi takriban bilioni 3. Jeni ni sehemu ya maagizo hayo inayoiambia seli la kufanya. Uvimbe wa saratani unaweza kuwa na maelfu ya makosa katika herufi hizo. Mengi ni kama abiria wa matatu: wamo ndani ya gari, ila hawaliendeshi. Machache tu ndiyo dereva.

Tutamjuaje dereva? Wataalamu husoma DNA ya uvimbe na ya damu ya mgonjwa yuleyule, na kompyuta huonyesha tofauti. Kisha hulinganisha mamia ya wagonjwa. Abiria hubadilika, lakini jeni inayoharibika tena na tena, kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu, ndiyo inayoshukiwa. Kazi hii huitwa bayoinfomatiki, na haiwezekani kwa kumtazama mgonjwa mmoja.

Wakenya wamo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa saratani ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo. Ulisoma DNA ya uvimbe wa wagonjwa 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Jeni moja inayojulikana sana katika saratani hii ni TP53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Ikiharibika, breki zimekatika. Utafiti huo ulionyesha kuwa makosa yalifanana sana katika nchi zote, kwa hivyo sababu ya ugonjwa huu kuwa mwingi katika maeneo kama Bonde la Ufa bado inatafutwa.

Ndugu zangu, mengi ya makosa haya hutokea mtu akiwa tayari anaishi. Si laana, na kwa kawaida hayarithiwi. Tusimfiche mgonjwa.

Ukiombwa sampuli, uliza itatumiwaje na nani ataiona. Una haki ya kukubali au kukataa, na ukikataa bado unastahili kutibiwa.

Na usiingoje kompyuta. Chakula kikianza kukwama, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali mapema. Acha tumbaku, punguza pombe, na iache chai ipoe kidogo kabla ya kuinywa.

Mzee, kipande chako ni kidogo, lakini bila vipande kama hicho, wagonjwa wetu wasingehesabiwa.