Fidia ya Maradhi ya Kazini na Kodi ya Mapato

Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa vyama vya msingi, Bombambili, Songea



Mwanachama anapopokea fedha nyingi kwa mkupuo, swali la kwanza linaloulizwa kijijini ni moja: Serikali itachukua kiasi gani? Swali hilo likikosa jibu, huzaa mambo mawili mabaya. Wapo wanaoficha fedha chini ya godoro kwa hofu ya kodi, nazo huishia mikononi mwa wezi. Wapo pia wanaomlipa mtu aliyevaa tai ili awasaidie "kusafisha" fedha zao, kumbe hazikuwa na kodi tangu mwanzo. Maelezo haya yanahusu fedha za aina moja tu, yaani fidia anayolipwa mtu kwa ugonjwa alioupata kazini, hasa magonjwa ya vumbi kama yale ya asbesto.

Asili ya magonjwa ya vumbi

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kwa miaka mingi lilitumika kutengenezea mabati ya saruji, mabomba ya maji na vizuia joto, na mpaka leo paa za namna hiyo zimo katika majengo mengi ya zamani. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi huganda mapafuni. Mgonjwa hukauka mapafu, na wengine hupata saratani ya mapafu au ya utando unaoyazunguka. Vumbi la mawe ya migodi ya dhahabu nalo huleta silikosisi, na hufungua mlango kwa kifua kikuu.

Jambo la kuzingatia ni muda. Ugonjwa wa asbesto huweza kujificha miaka 20, 30, hata 40. Mtu aliyefanya kazi ujanani huanza kukohoa akiwa mkulima mwenye wajukuu, na mwajiri wake huenda amekwisha kufunga ofisi. Ndiyo sababu fidia ya maradhi haya huja kwa kuchelewa, huja mara moja, na mara nyingi hupatikana kwa shauri au kwa suluhu ya mahakamani.

Mifano ya Afrika Kusini

Nchi iliyo na historia ndefu ya mashauri haya katika upande huu wa Afrika ni Afrika Kusini. Wachimbaji wa asbesto na jamaa zao waliishitaki kampuni ya Cape huko Uingereza, ilikokuwa makao yake makuu. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba shauri lisikilizwe Uingereza. Mwaka 2001 kampuni iliahidi pauni milioni 21, lakini haikulipa. Mwaka 2003 wadai wapatao 7,500 walikubali pauni milioni 7.5. Kwa hesabu ya wastani ni pauni 1,000 kwa mtu, kabla ya kutazama nani mgonjwa zaidi. Mwaka huo huo ulianzishwa mfuko maalumu wa kuwalipa wagonjwa wengine wa asbesto.

Kwa upande wa dhahabu, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2011 kwamba mchimbaji mgonjwa anaweza kumdai mwajiri mahakamani hata kama sheria ya fidia ya migodi ipo. Mwaka 2016 mahakama iliruhusu wachimbaji kudai kwa pamoja. Mwaka 2019 suluhu yao na makampuni sita iliidhinishwa, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kwa randi zipatazo bilioni 5.

Habari hizi zinawahusu watu wa kusini mwa Tanzania. Wakati wa ukoloni shirika la Wenela liliajiri vijana wa kusini mwa Tanganyika kwenda kuchimba dhahabu, na baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ilikomesha uajiri huo. Suluhu ya Tshiamiso inawahusu waliofanya kazi katika migodi iliyotajwa kuanzia tarehe 12 Machi, 1965 hadi tarehe 10 Desemba, 2019. Kwa hiyo mzee aliyerudi nyumbani kabla ya 1965 hakuhesabiwa humo. Katibu aelewe jambo hili barabara, kwa sababu mtu anaweza kupita vijijini akikusanya ada kwa familia za wazee hao. Mfuko wenyewe hautozi ada kwa mdai.

Kanuni ya kodi

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoza mapato ya asili tatu: ajira, biashara na uwekezaji. Pafu lililoharibika haliingii katika asili hizo. Fedha inayolipwa kwa ajili ya mwili, maumivu au uhai uliopotea hujaza shimo tu, wala haimwongezei mtu kitu juu ya alichokuwa nacho. Mkulima aliyelipwa debe la mahindi na jirani ambaye ng'ombe wake waliingia shambani hasemwi kuwa amevuna msimu huo.

Kanuni ya pili inakwenda pamoja na ya kwanza. Fidia inayolipwa badala ya mapato huchukua tabia ya mapato hayo. Mtu akilipwa badala ya mshahara alioukosa, sehemu hiyo huhesabiwa kama mshahara. Akilipwa kwa kuachishwa kazi, malipo hayo ni mapato ya ajira, hata kama barua imeyaita "fidia". Jina lililoandikwa juu ya bahasha haliamui kodi. Kinachoamua ni kitu ambacho fedha ile imekilipia.

Mataifa mengine yamepita njia inayofanana. Afrika Kusini haihesabu fidia ya jeraha au ugonjwa wa mtu kuwa faida ya mtaji inayotozwa kodi. Marekani haitozi kodi ya mapato kwa fidia ya ugonjwa wa mwili, lakini hutoza riba iliyoongezwa juu ya fidia hiyo, na pia fedha iliyotolewa ili kumwadhibu mkosaji. Uingereza imesamehe hata riba ambayo mahakama huitoa juu ya fidia ya mwili.

Mfano wa hesabu

Chukua mfano wa mwanachama aliyepata suluhu ya shilingi 30,000,000. Hati yake inaonyesha shilingi 20,000,000 kwa ugonjwa wa mapafu, shilingi 4,000,000 kumrudishia gharama za hospitali, na shilingi 6,000,000 badala ya mishahara aliyoikosa. Zile 20,000,000 ni za mwili, na zile 4,000,000 zinarudisha alichotoa mfukoni. Zinazofuata tabia ya mshahara ni 6,000,000 peke yake.

Sasa hati hiyo hiyo iandikwe kwa mstari mmoja tu: "Malipo ya mwisho, shilingi 30,000,000." Fedha ni ile ile na ugonjwa ni ule ule, lakini mwanachama hana cha kumwonyesha ofisa wa kodi. Itambidi atafute ushahidi wa daktari na wa mwanasheria baada ya kila mtu kwenda zake. Ndiyo maana mgawanyo huo unapaswa kuandikwa kabla ya sahihi kutiwa. Mwanasheria anayesimamia suluhu aombwe kuuandika kwa ukweli, bila kuita mshahara kuwa maumivu, maana hati ya uongo humrudia mwenyewe.

Tuseme mwanachama huyo ameweka zile 20,000,000 benki kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja atapata riba ya shilingi 1,600,000. Riba hiyo ni mapato ya uwekezaji, na benki itazuia asilimia 10, yaani shilingi 160,000. Mtaji wake wa 20,000,000 haukuguswa. Vivyo hivyo akijenga nyumba ya kupangisha, kodi ya pango ni mapato; akinunua shamba la kahawa, mauzo ya kahawa ni mapato. Mti haukutozwa, matunda hutozwa.

Mfuko wa nchini

Vijana wengi wa Ruvuma leo wamo kazini katika makaa ya mawe ya Mbinga, viwanda na ujenzi. Hao wana haki iliyo karibu zaidi kuliko mashauri ya nje. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili hiyo. Mfuko hulipa matibabu, ulemavu wa muda, ulemavu wa kudumu, mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Taarifa ya ugonjwa itolewe mapema, na jina la ugonjwa liandikwe na daktari. Mfanyakazi anayeacha kazi bila kupimwa kifua anajinyima ushahidi atakaouhitaji uzeeni.

Wajibu wa katibu wa chama

Kwanza, fidia ya mwanachama ikipitia akaunti ya chama, iandikwe kuwa amana ya mwanachama, kamwe isiandikwe kuwa mapato ya chama. Msamaha wa kodi wa vyama vya msingi una kikomo cha mauzo ghafi. Fedha ya mgonjwa mmoja ikichanganywa na mauzo ya mazao huweza kukivusha chama kikomo hicho na kuwaumiza wote.

Pili, katibu asikate "kodi" kwa makisio yake mwenyewe, wala asikate deni la pembejeo bila idhini ya mwanachama iliyoandikwa. Penye shaka, mwanachama apelekwe ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania mjini Songea akiwa na hati zake, na jibu liombwe kwa maandishi.

Tatu, jalada la kila mwanachama aliyelipwa liwe na nakala ya hukumu au suluhu, cheti cha daktari, stakabadhi za hospitali, hati ya malipo na taarifa ya benki. Mwenyewe akifariki, msimamizi wa mirathi atavihitaji vyote. Mjane asiyekuwa na karatasi hudaiwa na kila anayedai.

Nne, habari hizi zisomwe katika mkutano mkuu wa chama, wanawake na wazee wakiwapo. Mwenye kudanganywa kwa kawaida ni yule ambaye hakuwapo mkutanoni.

Ndugu wanachama, mtu aliyelipwa kwa ajili ya mapafu yake amekwisha kulipa bei kubwa kuliko kodi yoyote. Chama hakiwezi kumrudishia pumzi, lakini kinaweza kumlindia kile alichopewa badala yake, kwa kalamu na kwa jalada. Wahenga wa ushirika walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.